Mzazi Naye Aingie Darasani

Kila mwaka shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, walimu wa madarasa ya watoto wadogo hupokea wageni wa namna moja. Mzazi hufika, husimama kizingitini, huchungulia ndani, kisha huuliza kwa upole, na mara nyingine kwa ukali: "Mwalimu, mbona kila nikimwuliza mwanangu amesoma nini leo, hunijibu kwamba alicheza?" Mwalimu hujibu ya kuwa mtoto wa umri ule hujifunza kwa kucheza. Mzazi huitikia kwa kichwa, hushukuru, na hurudi nyumbani hali hakusadiki hata neno moja. Baada ya majuma machache mtoto yule huhamishiwa shule nyingine, yenye sifa ya kuwa watoto wake wa miaka minne huandika tarakimu mpaka mia moja, nao hurejea jioni na kazi ya kurasa mbili ya kufanyia nyumbani.

Hatupendi kuwalaumu wazazi hao. Mtu atasadikije jambo ambalo hajapata kuliona? Wengi wetu tulianza kusoma kwa kuimba a, e, i, o, u kwa sauti moja, macho yakiwa ubaoni na masikio yakiwa kwenye fimbo ya mwalimu, na kwa kuwa tulitoka salama tukijua kusoma, twadhani ndiyo njia ya pekee. Shule ya mtoto wa leo twaipima kwa kipimo cha shule yetu ya jana. Wala mkutano wa wazazi hausaidii sana. Katika mikutano hiyo, kama tujuavyo sote, husemwa habari za madawati, za uji, za sare na za michango. Na habari ya namna mtoto anavyojifunza huachiwa dakika tano za mwisho, watu wakiwa wamekwisha simama.

Hoja yetu leo ni hii: elimu ya watoto wadogo ni miongoni mwa mambo ambayo mzazi hawezi kuyajua kwa kuambiwa. Sharti aketi pale watoto walipo, ashike udongo wanaoushika, aone kwa macho yake mwenyewe jambo linalotendeka. Wala hatusemi neno la kubuni. Iko nchi iliyolijaribu jambo hili kwa miaka zaidi ya themanini, na habari zake zafaa kujulikana.

Nchi yenyewe ni Nyuzilandi, visiwa vilivyo kusini mwa Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1941 nchi ile ilikuwa vitani upande wa Uingereza, na wanaume wengi walikuwa wamepelekwa ng'ambo kupigana. Wake zao walibaki katika vitongoji vya mji mkuu wa Wellington, kila mmoja na watoto wake ndani ya nyumba yake, wengi bila mama wala shangazi wa karibu wa kumpokea mtoto hata kwa saa moja. Katika kitongoji kiitwacho Karori wanawake wachache walikusanyika wakaanzisha kituo cha michezo cha watoto wasiofikia umri wa shule. Miongoni mwa waasisi walikuwamo Joan Wood, Inge Smithells, na Beatrice Beeby, ambaye mumewe alikuwa Mkurugenzi wa Elimu wa nchi nzima. Nia yao ya kwanza ilikuwa nyepesi: akina mama wapeane zamu, wachache wakae na watoto wote asubuhi, na waliobaki wapate kupumzika, kwenda sokoni, au kulala usingizi tu. Nani atawalaumu?

Ili kuona ugeni wa jambo lile, yafaa tukumbuke malezi yaliyokuwa yakihubiriwa huko wakati ule. Tangu mwaka 1907, daktari mmoja aitwaye Truby King alipoanzisha chama cha kuwahudumia mama na watoto wachanga, wanawake wa Nyuzilandi walikuwa wamefundishwa kumnyonyesha mtoto kwa saa ya ukutani, kumlaza kwa saa, na kutombeba ovyo kila anapolia asije akadeka. Chama kile kiliokoa maisha ya watoto wengi, hapana shaka, maana kilifundisha usafi na chakula bora. Walakini kilimzoeza mama kungoja amri ya mjuzi. Yeye alikuwa wa kutii, wala hakuulizwa ameona nini katika mtoto wake mwenyewe.

Basi wanawake waliokwenda kituoni ili wapate mapumziko waliona jambo ambalo hawakulitazamia. Ile asubuhi ya zamu, waliyoihesabu kuwa gharama ya kupata asubuhi nyingine za kupumzika, ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa zaidi. Nyumbani mama humwona mtoto wake mmoja au wawili, naye yu mbioni, moto wawaka na nguo zangoja. Kituoni alimwona mtoto wake katikati ya wenzake ishirini. Huko ndiko alikofahamu kwamba ukaidi wa miaka miwili si laana iliyoiangukia nyumba yake peke yake. Kwamba mtoto wa jirani, yule mwenye adabu, naye huuma. Kwamba mwanawe aliyedhaniwa mzito wa kusema husema vizuri sana akiwa na mtoto mdogo kuliko yeye.

Mtu aliyeyashika mambo hayo na kuyapa utaratibu ni Gwen Somerset. Alikuwa mwalimu wa shule, na tangu mwaka 1938 yeye na mumewe waliongoza nyumba ya elimu ya watu wazima katika mji mdogo wa Feilding, ambako palikuwapo na kundi la watoto wadogo. Vyama vya vituo vilipoungana kuwa shirikisho la nchi nzima mwaka 1948, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kwanza, na kitabu chake *I Play and I Grow*, kilichotoka mwaka 1949, kilikuwa mwongozo mikononi mwa akina mama wengi. Shirikisho lile lilishika kanuni moja ambayo shule nyingine nyingi haziithubutu: mzazi si mgeni wa kituo, wala si msaidizi wa mwalimu; mzazi ndiye mwalimu, na kwa hiyo sharti asome. Masomo ya wazazi yalipangwa kwa ngazi, mengine usiku watoto wakiwa wamelala, mengine asubuhi watoto wakicheza. Mengi ya masomo hayo hayakuwa ya kuandika maneno ya mhadhiri. Mzazi aliambiwa achague mtoto mmoja, aketi kando na daftari, na kwa muda mfupi aandike yale tu ayaonayo na kuyasikia, bila kusifu, bila kukemea, bila kusaidia. Aliyewahi kujaribu ajua kwamba hii ni kazi ngumu. Kinywa chawasha.

Natuchukue mfano mmoja, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtoto wa miaka minne amewekewa karai la maji, vikombe vitatu visivyolingana, chupa yenye shingo nyembamba, na mpare. Mama asiyezoea atamtazama mara moja na kusema, "Wewe, utalowa!" Na kweli atalowa. Walakini mwenye daftari ataandika hivi: amejaza kikombe kikubwa, amekimimina katika kidogo, maji yamemwagika, amerudia, yamemwagika tena, amesimama, ametazama vikombe viwili, kisha amechukua kidogo na kumimina katika kikubwa, hakijajaa, ameongeza kingine, amesema peke yake, "bado", ameongeza cha tatu, amesema, "sasa." Mtoto huyu hajafundishwa hesabu na mtu yeyote. Amejifunza ya kuwa kikubwa kimoja ni vidogo vitatu, na amejifunza kwa kukosea mara mbili bila kupigwa wala kuchekwa. Amepata pia neno la "bado" na neno la "sasa" mahali pake halisi. Hapo akaja mwenzake akataka ile chupa. Huyu alikataa. Wakavutana. Mwenzake akaenda akaleta kopo, akasema, "Twende zamu." Mwenye daftari ameandika yote hayo kwa dakika kumi tu, naye hatasema tena maishani mwake kwamba mtoto "alicheza tu."

Mwandishi mwenye bidii aweza kumweleza mzazi haya kwa makala, kama tunavyofanya hapa, na mzazi akasema, vema. Walakini kesho akilikuta karai limemwagika jikoni kwake, makala haitamsaidia. Aliyeketi na daftari atauliza kwanza mtoto alikuwa akijaribu nini. Huenda bado akakasirika, na ana haki yake, lakini atauliza.

Vituo vile havikuwa na majumba. Vingi vilifunguliwa katika kumbi za makanisa na za mikutano, ambamo kila kitu kilitolewa asubuhi na kufungwa tena adhuhuri. Baba waliporudi kutoka vitani walitengeneza ngazi za kupandia na masanduku ya mchanga. Akina mama walishika fedha, waliandika kumbukumbu za vikao, walikwenda kuonana na wakubwa wa serikali kuomba msaada, na wengi walioanza hivyo wakiogopa kusema mbele ya watu watano walikuja kuwa wajumbe wa mabaraza na viongozi wa elimu. Jambo hilo halikuwa katika nia ya kwanza, lakini ndivyo ilivyo, mtu akikabidhiwa kazi ya kweli hukua nayo.

Tuseme na upande wa pili, maana si haki kusifu tu. Vituo hivi vilitegemea mama asiye na kazi ya mshahara, mwenye mume wa kulisha nyumba. Wanawake wengi walipoanza kuajiriwa, watoto wengi walipelekwa katika vituo vya kulea vya kutwa, na vituo vya wazazi vikapungua. Hata hivyo havikufa. Hata leo viko mamia katika nchi ile, na bado wazazi wenyewe ndio wanaoviendesha na kusomea kazi hiyo.

Asije msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Katika nchi ile ile wako Wamaori, wenyeji wa visiwa vile kabla ya Waingereza, ambao walinyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi yao, na ambao watoto wao waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama zao. Kufikia miaka ya 1970 ilidhihirika kwamba watoto wachache mno walikuwa wakikuzwa kwa Kimaori. Wazee walioijua lugha walikuwa wakifa, na wazazi vijana hawakuwa nayo ya kuwarithisha watoto. Mwezi wa Aprili mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington, kilifunguliwa kituo cha kwanza cha *kōhanga reo*, maana yake kiota cha lugha. Bibi na babu walikaa na watoto wachanga na kusema nao Kimaori tu, tangu asubuhi mpaka jioni, katika kula, kulala na kuimba. Na wazazi? Wazazi waliendesha kituo pamoja na ukoo mzima, nao, wengi wao wasioijua lugha, walijifunza palepale pamoja na watoto wao. Baba wa miaka thelathini alijifunza neno la "maji" siku ile ile aliyojifunza mwanawe wa miaka miwili, na mara nyingi mtoto ndiye aliyetangulia. Vituo vilienea haraka mno katika nchi, na mwaka 1987 Kimaori kilitangazwa na sheria kuwa lugha rasmi ya taifa. Hatusemi kwamba viota peke yake ndivyo vilivyoleta sheria ile. Twasema kwamba taifa lisingeweza kuwapuuza wazazi waliokuwa wameketi sakafuni wakijifunza lugha ya babu zao kutoka kwa watoto.

Serikali ya Nyuzilandi ilipotoa mwongozo wa elimu ya watoto wadogo mwaka 1996, iliuita kwa jina la Kimaori, *Te Whāriki*, maana yake mkeka uliofumwa. Jamaa na jumuiya ya mtoto wamo katika misingi yake minne. Wenzetu wa pwani wanaojua kushuka ukili wa mkeka watalielewa jina hilo upesi kuliko maprofesa: ukili mmoja, hata uwe mpana na mzuri wa rangi, hauwezi kulaliwa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta ushahidi. Mwaka ule ule wa 1982, viongozi wa Waislamu wa Mombasa walimweleza Aga Khan wasiwasi wao juu ya watoto wa pwani. Watoto walikwenda chuoni kusoma Kurani tangu wakiwa wadogo, na hilo wazazi hawakukubali kuliacha. Lakini walipofika mlango wa shule ya msingi walikutwa nyuma ya watoto waliopitia shule za vidudu, wengine walikosa nafasi, na wengine waliingia wakashindwa. Je, haiwezekani mambo mawili yakae chini ya paa moja? Baada ya uchunguzi, kazi ilianza mwaka 1986 katika madrasa ya mtaa wa Liwatoni, mjini Mombasa, chini ya mwalimu Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 ikafika Unguja, na mwaka 1993 ikafika Kampala.

Yatupasa kutazama kwa makini jinsi shule hizo zilivyoanzishwa, maana hazikuletwa kwenye lori zikashushwa. Waalimu wa kituo kikuu walikwenda mtaani au kijijini na kuzungumza na watu, mara nyingi kwa miezi mingi. Wanajumuiya wakikubali, waliweka mapatano: wao watatoa chumba, wataunda kamati, watachagua wanawake wa palepale wa kufunzwa ualimu, na watakusanya ada kiasi cha uwezo wao, kituo kikuu kitafunza waalimu na kuitembelea shule kwa miaka kadhaa. Njia ya kufundisha ilitokana na ile iitwayo HighScope, iliyobuniwa Michigan, Marekani, ambayo mtoto hupanga atakalolifanya, hulifanya, kisha husimulia alivyofanya. Walakini haikupandwa kama ilivyotoka ng'ambo. Nyimbo zilikuwa za pwani, hadithi zilikuwa za pwani, na mafunzo ya dini yalifumwa humo humo ndani ya kazi ya siku.

Na vifaa? Hapa ndipo wazazi walipoingia kwa mikono yao. Hapakuwa na fedha za kununua vitu vya kuchezea vya dukani. Vilikusanywa vifuu vya nazi, makombe ya pwani, vizibo vya chupa, mbegu, vijiti, makopo, mabaki ya vitambaa vya mafundi cherehani. Vifuu vilikwanguliwa vikawa vikombe vya kupimia; vizibo vikawa hesabu; vitambaa vikawa wanasesere. Mama aliyekaa barazani kukwangua kifuu kwa ajili ya darasa hana budi kuuliza kifuu hiki ni cha nini, na akijibiwa amekwisha pata somo lake la kwanza. Somo la pili hulipata anapoona mtoto wake akikitumia. La tatu hulipata nyumbani, anapogundua ya kuwa vitu hivyo vyote vimejaa uani mwake, na kwamba alikuwa akivifagia kila siku.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliolinganisha watoto wa shule hizo za madrasa na watoto wa shule nyingine za awali na wale waliobaki nyumbani, katika Kenya, Zanzibar na Uganda, ulionyesha kwamba waliopita shule yoyote ya awali waliendelea kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa hizo walitangulia zaidi. Mjini Mombasa, basi, na Unguja, na Kampala, mambo haya yamekwisha jaribiwa kwa wazazi wa hali yetu.

Kwa nini, basi, jambo hili halijawa desturi yetu? Sababu ni nyingi, na nyingine ni za haki. Tangu Januari 2016 serikali ya Tanzania ilipoondoa ada katika shule zake, watoto wengi mno walimiminika shuleni, na hiyo ni baraka, lakini wako wazazi waliolisikia neno la "bila malipo" wakalifahamu kuwa ni "bila mzazi." Waliona deni lao limelipwa. Upande mwingine wako wazazi wa shule za kulipia, ambao hulipa sana, na kwa kuwa wamelipa sana hudhani wamenunua pamoja na ulezi. Watu hawa wawili, maskini na tajiri, hawakai mtaa mmoja wala hawali chakula kimoja, lakini katika hili ni ndugu.

Kenya nako walipoeneza mtaala wa umilisi nchi nzima mwaka 2019, mwongozo ulisema wazi kwamba mzazi ashiriki katika elimu ya mtoto. Neno jema. Lakini mara kilio kikasikika katika mitaa na magazeti: wazazi wanakesha usiku wakikata maboksi, wakinunua rangi, wakitafuta mahali pa kuchapisha picha, na asubuhi mtoto apeleka shuleni kazi ya baba yake. Tungependa kusema hapa bila kuficha kwamba huku si kushiriki. Mzazi afanyaye kazi ya mtoto hajifunzi lolote juu ya mtoto. Amejifunza kukata maboksi. Na mtoto amejifunza kwamba kazi yake haikufaa. Kushiriki ni kukaa pale mtoto anapofanya kazi yake mwenyewe, mbaya, iliyopinda, yenye gundi mpaka kwenye nyusi, na kuizuia mikono yako.

Iko na sababu ya wakati. Mama auzaye vitumbua huamka saa kumi ya usiku. Mkulima wakati wa masika hana asubuhi ya kutoa. Kibarua akikosa siku moja hukosa na chakula cha siku hiyo. Kumwambia mtu huyo akae shuleni kila juma ni kumdhihaki. Lakini asubuhi moja kwa mwezi? Katika darasa la watoto arobaini, ikiwa kila nyumba itatoa mtu mmoja kwa asubuhi moja kila mwezi, mwalimu atakuwa na wasaidizi wawili karibu kila siku ya masomo. Kanuni ya Tanzania yataka mwalimu mmoja kwa watoto ishirini na watano wa darasa la awali, na kila aliyetembelea shule zetu ajua kuwa madarasa mengi yamezidi hesabu hiyo mara nyingi. Hatusemi kwamba wazazi wachukue mahali pa waalimu ambao serikali yapaswa kuwaajiri. Mtu asitumie maneno yetu kwa hila hiyo. Twasema kwamba huyo mwalimu mmoja, mwenye watoto wote hao, hawezi kucheza na karai la maji. Ataimbisha tu, maana hana njia nyingine. Mzazi anayelalamika mlangoni na mwalimu anayeimbisha ndani wangesaidiana kama mlango ungefunguliwa.

Na mtu huyo wa kutoka nyumbani si lazima awe mama. Bibi wapo, wenye hadithi ambazo hazimo katika kitabu chochote. Baba nao wapo, ingawa wengi wetu wanaume twaona aibu kuonekana katikati ya watoto wadogo, kana kwamba tulizaliwa na ndevu. Seremala akija na vipande vyake vya mbao na msasa, akawaacha watoto wapige msasa kwa nusu saa, atakuwa amefundisha zaidi ya picha ya msumeno iliyobandikwa ukutani.

Wako walimu watakaoogopa, nao tuwasikilize. Mzazi aweza kuja na kiboko chake cha nyumbani. Aweza kumtazama mwanawe tu na kuwaacha wengine. Aweza kutoka pale akaenda kisimani kusema kwamba mtoto wa fulani bado anajikojolea. Hofu hizo ni za kweli, na Nyuzilandi nako walizijua. Dawa yake ni mapatano yanayosemwa kabla ya siku ya kwanza: hapa hapigwi mtoto, hapa kila mtoto ni wako, na lililoonekana hapa juu ya mtoto wa mtu halitoki nje ila kwa mzazi wake. Atakayevunja aambiwe na wazazi wenzake, si na mwalimu peke yake.

Mwalimu mkuu anayetaka kujaribu hana haja ya kungoja waraka. Aanze na wazazi watano walio tayari, hata kama wawili kati yao ni wale wagomvi wa mlangoni. Afadhali hasa wawe wao. Kila mmoja apewe asubuhi yake, kigoda kifupi cha kumshusha hadi kimo cha watoto, na karatasi. Asiambiwe afundishe. Aambiwe achague mtoto mmoja asiye wake, amtazame kwa muda wa dakika kumi akiandika, na asiyejua kuandika akumbuke tu. Watoto wakiisha kwenda nyumbani, mwalimu aketi naye dakika kumi nyingine juu ya mkeka ule ule na kumwuliza swali moja: "Mama, umeona nini?" Kisha anyamaze, amwache aseme.